Ganzi ya Miguu: Neno, Chakula na Maradhi katika Nchi ya Mara

Makusudi ya makala haya ni kufuata historia ya maradhi ya ganzi na udhaifu wa miguu katika nchi yetu, hasa katika Mkoa wa Mara, na kuonyesha jinsi maneno ya wagonjwa wenyewe yalivyosaidia, au yalivyoshindwa kusaidia, katika kuyafahamu. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Lakini nilizaliwa Bugwema, katika Musoma Vijijini, kati ya watu ambao kwao ugali wa muhogo ndio chakula cha kila siku. Na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiishi na ganzi ya miguu ambayo hapana aliyeweza kunipa sababu yake. Kwa hiyo jambo hili nalijua kwa pande mbili: kwa upande wa vitabu na kwa upande wa nyayo zangu. Nitajitahidi upande wa pili usiupotoshe wa kwanza.

1. Neno lenyewe

Yafaa kuanza na neno. Mswahili akila embe bichi au ukwaju mkali husema meno yake yametiwa ganzi. Maana hiyo ndiyo waliyoitumia wafasiri wa Biblia katika vitabu vya Yeremia na Ezekieli, katika ile methali ya wazazi waliokula matunda makali na watoto wao wakaona taabu menoni. Mtu akikaa kitako kwa muda mrefu akakunja mguu, akiinuka husema mguu umekufa ganzi. Na hospitali zilipoenea, dawa ya kuondoa maumivu kabla ya kung'oa jino au kupasua jipu ikaitwa dawa ya ganzi, au sindano ya ganzi. Basi matumizi hayo matatu ya kila siku yanafanana kwa jambo moja: ganzi ni kitu cha kupita. Ukali wa embe huisha, mguu uliokunjwa huamka, nguvu ya sindano hutoweka kabla ya jua kutua.

Kwa ajili hiyo mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi asubuhi, mchana na usiku, mwezi hata mwezi, hana budi kulitumia neno lililozoeleka kwa mambo madogo. Anayemsikiliza humjibu kwa wema tu: "Labda umekalia vibaya." Hapana dharau katika jibu hilo. Ni lugha iliyomwongoza msikilizaji kudhani kwamba jambo litapita lenyewe.

Muundo wa maneno haya nao wastahili kuangaliwa. Kitenzi kufa hufuatwa na nomino bila kiunganishi katika semi nyingi. Katika kufa maji na kufa njaa, nomino inataja sababu: maji yameua, njaa imeua. Katika kufa moyo, nomino inataja kitu kilichokufa. Lakini katika kufa ganzi nomino si sababu wala si kiungo kilichokufa. Inataja hali tu ya huko kufa. Usemi huu, tofauti na kufa maji, hausemi kitu juu ya chanzo. Mahali pa sababu lugha imeacha pengo, na kila aliyewahi kuugua ganzi isiyoelezeka amekaa katika pengo hilo.

Tena kuna kusikia. Katika Kiswahili twasikia sauti kwa masikio, na pia twasikia baridi, njaa, harufu na maumivu. Mgonjwa akisema "siusikii mguu wangu" amesema sentensi timamu kabisa, yenye maana isiyo na utata kwa mwenye lugha. Lakini ile hali ya kuchomwachomwa na kutambaliwa ambayo mara nyingi huitangulia ganzi au kufuatana nayo haina jina moja linalotumiwa na wote. Watu huieleza kwa mfano: kama wadudu watembeao chini ya ngozi, kama sindano, kama kukanyaga mchanga wa moto, kama miguu imepakwa pilipili. Neno kama ndilo lichukualo mzigo wote. Mtaalamu asiyezoea mifano hii huiona kuwa ni maneno ya kupamba, hali ndiyo taarifa yenyewe.

Nakumbuka mama mmoja wa ukoo wetu aliyepelekwa katika kituo kimoja cha matibabu, ambacho sina haja ya kukitaja. Aliulizwa, "Mama, unaumwa wapi?" Akajibu, "Siumwi, mwanangu. Miguu ndiyo haipo." Kijana aliyemwuliza alitazama miguu, akaiona ipo, akaandika kwamba mama hana maumivu na kwamba ni mzee. Maneno yote mawili yaliyoandikwa yalikuwa ya kweli. Aliyoyasema mama hayakuandikwa.

2. Tarime, 1985

Sasa tuje kwenye historia. Mto Mara huingia Ziwa Viktoria karibu na mji wa Musoma. Kusini yake kuna Majita na Bugwema. Kaskazini kuna nchi iliyokuwa yote wilaya ya Tarime mpaka Rorya ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 2007. Pande zote mbili watu hulima muhogo, mtama na mahindi, huvua au hununua dagaa na samaki, na hutegemea mvua ambazo hazina uaminifu.

Katika mwaka 1985, wakati wa ukame, kulitokea katika Tarime maradhi yaliyowatisha watu. Mtu aliyekuwa mzima alishikwa ghafula na udhaifu wa miguu yote miwili. Miguu haikulegea kama ya mtoto aliyepooza, ilikakamaa. Waliougua kidogo walitembea kwa vidole huku magoti yakigongana. Waliougua zaidi walihitaji fimbo moja au mbili. Na walioshikwa sana hawakuweza kusimama. Wengi wao walikuwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Maradhi hayakuendelea kuzidi baada ya kuingia, lakini wala hayakurudi nyuma. Aliyelemaa alibaki hivyo.

Waliochunguza jambo hili walikuwa William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu wa Moshi. Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe. Na Hans Rosling wa Sweden. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1990 katika jarida la Kiingereza liitwalo Brain. Walieleza habari za wagonjwa 39. Kwa idadi si wengi. Lakini 39 katika eneo dogo, wote wakiwa na ulemavu wa namna moja, si jambo la bahati.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo lugha ya kawaida huyachanganya. Maradhi ya Tarime hayakuwa ganzi kwa maana kamili. Katika maelezo ya maradhi hayo popote yalipotokea, wagonjwa husimulia kwamba katika siku za mwanzo walisikia uzito na mtetemeko wa miguu, maumivu ya kiuno, na kuchomwachomwa au kutambaliwa miguuni, na wengine macho kuona ukungu. Mambo hayo aghalabu hupungua baada ya siku chache. Kinachobaki ni mkakamao. Ngozi yenyewe huendelea kusikia mguso. Kwa hiyo ganzi ilikuwa mlangoni tu. Mwenye nyumba alikuwa mwingine. Lakini nani aliyehesabu wale ambao mlango ulibishwa kwao na asiingie mtu? Mtu aliyetambaliwa miguuni kwa siku tatu kisha akapona hakwenda hospitali, wala hakuingia katika hesabu ya 39.

3. Jina lililotoka mbali

Maradhi haya yaitwa konzo. Jina hilo si la Kiswahili, wala si la lugha yoyote ya Mara. Ni neno la Kiyaka, lugha ya watu wa Kwango katika Kongo, ambako daktari wa Kitaliano Giovanni Trolli aliyaeleza mwaka 1938. Maana yake ni miguu iliyofungwa, nalo lilikuwa jina la dawa ya mtego waliyoiweka wawindaji ili kuyadhoofisha magoti ya mnyama. Watu wa Kwango walipowaona jamaa zao wakitembea kama mnyama aliyenaswa, walikuwa na neno tayari.

Wazo hili halikosekani kwetu. Mguu ukiugua bila sababu inayoonekana, Waswahili wengi husema mtu huyo amekanyaga. Hawana haja ya kutaja alichokikanyaga. Msikilizaji ajua kwamba ni kitu kilichowekwa njiani kwa nia mbaya. Kiyaka na Kiswahili, lugha zilizo mbali sana kwa mahali, zimefikia fikira ile ile: miguu haifi yenyewe, kuna aliyetega. Mwanachuo asikimbilie kuiita fikira hiyo ujinga. Ina nusu ya ukweli. Kulikuwa na mtego kweli, nao ulikuwa katika chungu cha ugali.

Si mara ya kwanza kwa lugha zetu kuwapa walimwengu jina la maradhi kabla ya kujulikana sababu. Katika mwaka 1952 na 1953 homa ya kuvunja viungo iliwashika watu wa uwanda wa Makonde, na Robinson na Lumsden walipoandika habari zake mwaka 1955 walichukua jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kile kinachokunja mtu. Kabla ya hapo Cicely Williams alikuwa amelichukua neno kwashiorkor kutoka lugha ya Kiga ya Ghana. Majina haya yaliingia katika vitabu vya tiba kwa sababu kuna daktari aliyekubali kuuliza, "Ninyi mnaliitaje jambo hili?" na kuliandika jibu alilopewa.

Mwaka 1981 maradhi ya namna ya konzo yalizuka katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Wamakua waliyaita mantakassa. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 1,102. Rosling alikuwa daktari wa wilaya katika Nacala wakati huo, naye pamoja na Julie Cliff na wenzao walifuata nyayo za maradhi mpaka jikoni. Ndiyo maana miaka minne baadaye, habari za Tarime ziliposikika, kulikuwa na watu waliojua swali la kwanza la kuuliza: si "Mmepatwa na nini?" bali "Mmekula nini, na mliutengenezaje?"

4. Muhogo

Muhogo ni mgeni katika Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazili, na katika nchi za bara uliingia kwa njia za biashara. Katika Tanganyika ya wakoloni ulipewa cheo cha askari wa akiba: serikali iliamuru kila nyumba ipande sehemu ya muhogo kwa kuikinga njaa, na kule Amani, katika milima ya Usambara, wataalamu walianza katika miaka ya 1930 kuzalisha aina zilizoweza kustahimili ugonjwa wa batobato. Baada ya uhuru amri hiyo haikufutika katika fikira za viongozi. Katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na 1975, mazao yanayovumilia ukame yalihimizwa tena. Hapana shaka muhogo umeokoa maisha mengi kuliko uliyoharibu. Mkulima wa ardhi iliyochoka hawezi kuutukana.

Lakini muhogo mchungu una sumu. Ndani ya mizizi yake mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho hakidhuru mpaka kigawanyike. Mzizi ukikatwa, ukipondwa au ukilowekwa, kimeng'enya cha mmea hukutana na linamarini na kuivunja, na mwisho wake hutoka sianidi, ambayo ni hewa na huruka ikipewa nafasi. Hekima yote ya mapishi ya muhogo mchungu ni kuipa hewa hiyo nafasi ya kuondoka kabla ya chakula kuingia mdomoni. Wakulima huupenda muhogo mchungu kwa sababu ile ile inayouhatarisha: nguruwe, nyani na wezi hawaupendi.

Katika nchi za ziwa njia ya kale ni kuvundika. Muhogo humenywa, huanikwa kidogo, hurundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa mpaka uote ukungu. Kisha ukungu hukwanguliwa, muhogo huvunjwavunjwa na kuanikwa juani hata ukauke, ndipo hutwangwa au husagwa. Huu ndio udaga, ambao mtu wa Mara akiwa Dar es Salaam huukumbuka kwa harufu. Sehemu nyingine hulowekwa majini siku tatu au nne. Njia zote mbili zataka kitu kimoja ambacho mwenye njaa hana, yaani siku.

Wakati wa ukame mambo matatu hukutana. Kwanza, mzizi uliokosa maji huzidi sumu. Pili, nyumba iliyomaliza nafaka haiwezi kungoja wiki. Huutwanga muhogo mbichi, huuanika saa chache, huutwanga tena, na jioni kuna ugali. Katika mikoa ya kusini unga wa namna hii huitwa chinyanya. Tatu, mwili huiondoa sianidi kwa msaada wa salfa ipatikanayo katika vyakula kama samaki, nyama na maharage. Sianidi hugeuzwa kuwa thiosianeti na kutoka katika mkojo. Mtu alaye ugali na mboga ya majani peke yake kwa majuma mengi hana cha kuigeuzia. Ni kukutana kwa hayo matatu kulikowaangusha watu wa Tarime. Moja peke yake lisingetosha. Watoto wachanga walionyonya kwa kawaida huepuka maradhi haya. Waliokwisha achishwa ziwa ndio walio hatarini pamoja na mama zao. Katika nyumba nyingi mama na watoto ndio walao mwisho na wapatao kitoweo kidogo.

Msomaji ataona kwa nini niliitaja ile methali ya Yeremia na Ezekieli. Lakini hapa haikuwa dhambi ya wazazi. Mama aliyeutwanga muhogo kwa haraka alikuwa akimwokoa mtoto asife usiku ule. Hakuwa mjinga wa kuvundika. Alikijua kila kipimo cha kazi hiyo kutoka kwa mama yake. Aliacha siku mbili tatu kwa sababu hakuwa nazo. Historia ikiandika kwamba maradhi yaliletwa na watu wasiojua kupika, itakuwa imewadhulumu mara ya pili.

Mambo haya hayakuishia Mara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa Masasi walidhuriwa na unga wa muhogo usiotengenezwa vizuri, na mwanzoni mwa karne hii konzo ilionekana katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma. Dawa ya kuwarudisha walioathirika kama walivyokuwa haijapatikana, bali kinga ipo nayo ni nyepesi. Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba unga ukilowanishwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimeta moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sehemu kubwa ya sianidi iliyobaki huruka. Unga huo hupikwa siku ile ile. Njia hiyo imetumiwa na akina mama katika vijiji vya Kongo, ile nchi iliyotupa jina la konzo. Yataka saa, haitaki siku. Na kwa hiyo yamfaa hata mwenye njaa.

5. Ganzi isiyokuwa na jina

Nimeeleza maradhi yaliyopata jina na sababu. Lakini historia yetu ina mengine ambayo yamekaribia ganzi zaidi, na ambayo sababu yake haikukamatwa kwa wepesi huo.

Mwaka 1962 Haddock, Ebrahim na Kapur waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za maradhi ya mishipa ya fahamu yaliyoonekana Tanganyika: wagonjwa walipoteza usikivu wa miguu, wakayumba wakitembea, na wengine wakafifia macho na masikio. Miaka kumi baadaye, 1972, Makene na Wilson walichapisha uchunguzi wa kemia ya miili ya wagonjwa wa namna hiyo katika Tanzania. Wakati uo huo Osuntokun alikuwa akiandika habari za watu wa Naijeria waliokuwa na hali kama hiyo, naye aliushitaki muhogo. Lakini wataalamu wa Naijeria waliorudi katika vijiji vile vile miaka ya baadaye walitia shaka kama muhogo peke yake watosha kuwa sababu.

Kisha, kuanzia mwaka 1988, vijana wa Dar es Salaam walianza kuja hospitali wakisema hawaoni vizuri katikati ya macho. Wengi wao walisema pia kwamba miguu yao inawaka moto au imekufa ganzi, na baadhi walikuwa wamepungukiwa masikio. Hawakuwa watu wa shamba walao muhogo mchungu. Walikuwa watoto wa mjini. Plant, Mtanda na wenzao waliwachunguza na kuandika habari zao mwaka 1997, na wengine walifuata hata katika shule za msingi. Upungufu wa vitamini za namna ya B ulishukiwa sana, bali hapakupatikana sababu moja ya kuwaridhisha wote. Katika Kuba, mwaka 1992 na 1993, zaidi ya watu 50,000 walishikwa na maradhi yanayofanana na hayo wakati chakula kilipopungua nchini. Serikali iliwagawia watu wote vitamini, na wagonjwa wapya wakapungua. Huko nako wataalamu waliendelea kubishana juu ya chanzo baada ya maradhi kupoa.

Tukiyaweka haya pamoja twapata fundisho la kiasi. Ganzi ya miguu ina milango mingi. Kisukari huileta, pombe nyingi huileta, virusi vya UKIMWI huileta, na baadhi ya dawa pia, ndiyo maana wanaomeza isoniazidi kwa kifua kikuu hupewa vitamini ya B6 pamoja nayo. Ukoma ulijulikana kwa ganzi tangu zamani, kabla Armauer Hansen hajakiona kijidudu chake mwaka 1873. Na kwa sababu ya ukoma watu wengi wa vijijini huogopa kusema mbele ya jirani kwamba hawasikii mguu. Anayenyamaza kwa hofu hiyo hupoteza muda, maana ukoma sasa hutibika na matibabu ya mapema huzuia ulemavu. Na baada ya milango yote kufunguliwa na kutazamwa, wapo wagonjwa ambao hapana kitu kilichoonekana nyuma yake.

6. Hali ya kuishi nayo

Mimi ni mmoja wa hao. Ilianza nilipokuwa ng'ambo nikisoma kwa shahada ya udaktari wa falsafa. Kwanza vidole vya mguu wa kushoto, kisha vya kulia, kisha nyayo. Nilipimwa damu, sukari, mishipa na uti wa mgongo, huko na baadaye nyumbani. Majibu yote yalikuwa mema. Daktari mmoja wa ugenini, mtu mpole, aliniambia nifurahi. Nilifurahi kadiri nilivyoweza. Lakini mtu aliyeambiwa hana kitu huku miguu ikiwaka hupata maradhi ya pili, nayo ni kushuku ulimi wake mwenyewe. Nilianza kujiuliza kama nimeeleza vibaya. Kwa Kiingereza nilikuwa na maneno ya kitabu, lakini hayakuwa maneno niliyojifunza nikiwa mtoto nilipokanyaga mwiba. Kwa Kiswahili nilikuwa na kama. Kwa Kijita, lugha ya nyumbani, nilijikuta nikikumbuka namna mama wale wa zamani walivyosema, nikatambua kwamba sikuwahi kuwauliza walikuwa na maana gani hasa.

Siku zapita. Nimejifunza kuvua viatu na kutazama nyayo kila jioni, kwa kuwa jeraha lisilosikika halitoi habari. Sikanyagi chini usiku bila taa. Nikiwa Bugwema sitembei pekupeku shambani kama zamani, jambo ambalo wadogo zangu huliona kuwa ni maringo ya mtu wa mjini. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijua maiti. Methali hiyo yasema kweli, lakini yaweza kutufanya wavivu. Kama aijuaye ni maiti peke yake, basi aliye hai hana haja ya kuuliza. Madaktari wa Nampula na Tarime hawakukubali uvivu huo. Waliwauliza waliokuwa wakiishi ndani ya jambo lenyewe, na wakaamini kwamba majibu ya mama mwenye mchi yalikuwa na thamani sawa na majibu ya maabara.

Kwa wanaisimu nina pendekezo moja. Kamusi zetu zimeorodhesha majina ya maradhi kwa bidii, lakini maneno ya hali za mwili, yale ambayo mgonjwa huyatumia kabla ya maradhi kupata jina, yamekusanywa kidogo mno. Katika Mara peke yake kuna Kijita, Kikwaya, Kikuria, Kizanaki, Kiikizu, Kingoreme na lugha nyingine, pamoja na Kijaluo ambacho si cha ukoo wa Kibantu. Kila moja ina njia yake ya kutenga ganzi ya kupita na ganzi ya kudumu, kutambaliwa na kuchomwa, uzito na mkakamao. Na wazee wanaozijua njia hizo vizuri wanapungua kila mwaka. Kazi ya kuzikusanya haihitaji mashine. Yahitaji mwanafunzi mmoja kwa kila lugha, daftari, na subira ya kukaa na wazee penye mwaniko wa muhogo. Orodha hiyo ikikamilika ipelekwe katika vituo vya afya vya wilaya za Musoma, Bunda, Butiama, Rorya na Tarime, ili kijana mwenye kalamu akimsikia mama akisema miguu haipo, aandike maneno hayo kama yalivyosemwa, kisha aulize mama huyo amekula nini mwezi huu.